Gari Lililooshwa kwa Mkunazi

Juzi niliingia kwa mama mmoja anayeuza vitu vya nywele katika soko la wanawake la Ibra, akanifungulia kopo la unga wa majani ya mkunazi ili ninuse kama ni mpya. Nilinusa, nikamrudishia kopo, nikatoka nje bila kununua kitu. Binti yangu aliyekuwa nami aliniona sina adabu, na nadhani alikuwa na haki. Sikuweza kumweleza pale mlangoni kwamba harufu ile imenirudisha kwenye gari jekundu la ami yangu Suleiman, na asubuhi moja ya baridi ambayo nusura iiharibu nyumba yetu.

Wenzangu mliokulia Oman katika nyumba za Kiswahili mtanielewa. Baba alipopata kazi ya ualimu Ibra tulihama Matrah tukaenda kuishi katika kijiji cha babu zake, na njia nzima alikuwa akituambia kwamba sasa tunarudi kwetu. Bibi, mama yake baba, mzaliwa wa Unguja, alishuka garini, akaitazama milima ile mikavu, akauliza ikiwa hapa ndipo kwetu, basi kule tulikotoka kulikuwa kwa nani. Majirani walikuwa watu wema, lakini kwao sisi tulikuwa Zanjibari. Wengine walilisema neno hilo kwa utani na wengine walilitema kama kokwa ya tende, na mimi kwa umri ule sikuwa na njia ya kuwatofautisha. Nilichofanya ni kuwachukia wote sawasawa.

Ami Suleiman, mdogo wake baba, alibaki Maskati kwa ajili ya kazi yake ya ofisini, akawa anakuja kwetu mwisho wa wiki. Gari lake lilikuwa la mbio, la milango miwili, limenunuliwa kuukuu lakini linang'aa, na lilikuwa chini mno hata Bibi alikataa kulipanda. Alisema kuingia mle ataingia, kutoka ndiko hakuna. Taa zake za mbele zilikuwa zikijificha ndani, na ukibonyeza kidude huinuka kama macho ya chura. Siku moja Ami alikuja kunichukua shuleni akamwona mwalimu wangu wa darasa la tatu, Abla Zuwena, na kuanzia siku hiyo akawa ananipenda mimi kupita kiasi, akiniuliza habari za masomo ambayo hakuwahi kuyaulizia hata mara moja.

Mwisho Baba alituma watu, na jibu likaja kwamba twende Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Mzee Nasir, baba yake Abla Zuwena, hakusema ndiyo. Alisema kahawa itakuwepo. Baba alitueleza kwamba kwa watu wa huku hiyo ni nusu ya mlango. Mzee yule alikuwa ameshawakataa wachumba wengine, na ilijulikana kwamba akishakataa harudiwi tena. Hakuna mtu aliyetoka Unguja aliyewahi kuoa kwao. Ami alikonda wiki ile. Mimi nilikuwa nimeshamwona akilini Abla Zuwena jikoni kwetu, nimeshaamua atalala chumba gani, na nilijua kwamba mambo yakiharibika nitakaa mbele yake darasani kila siku na aibu yangu.

Ami alifika Alhamisi jioni, amepita katika mvua na matope ya wadi, lile bonde la mto mkavu, na gari jekundu limekuwa rangi ya ukuta wa udongo. Asubuhi ya Ijumaa ikaingia na baridi ile ya bara ambayo watu wa Maskati hawaiamini mpaka iwapate. Tukisema, moshi unatoka mdomoni. Bibi alivaa sweta mbili juu ya gauni na leso mbili juu ya sweta, na wanaume walirudi kutoka sala ya alfajiri wamevaa makoti juu ya kanzu. Pampu ya tangi letu ilikuwa imekufa, na maji kidogo yaliyobaki yalikuwa ya kukata vidole. Bibi alishauri waende kwa miguu, maana nyumba ya Mzee Nasir ilikuwa ng'ambo ya wadi tu. Ami akasema haendi kuposa na viatu vya matope. Nadhani alitaka Mzee Nasir aone gari kabla hajaisikia lafudhi yetu.

Maji ya falaji, mfereji wa kijiji, hutoka chini ya mlima, na wakati wa baridi huja na joto lake, hata asubuhi kama ile mfereji mzima hufuka moshi. Ami alizijua sheria za maji yale, kwani Baba alikuwa ametusomesha sote: juu ni ya kunywa, halafu huoga wanaume, halafu wanawake, halafu yanaingia mashambani. Hakutaka sabuni ya gari imfikie mtu. Kwa hiyo, kwa heshima zake zote, akapita sehemu zote za kuogea na kuziacha nyuma, mimi nimekaa kiti cha pembeni na ndoo magotini. Tukafika mahali ambapo njia, baina ya kuta mbili za mashamba ya mitende, ilikuwa imesawazishwa vizuri kuliko barabara ya kwetu. Hapo palikuwa na chumba cha mawe kilichofunguka upande wa njia, na falaji ikipita ndani yake. Mlikuwa na kibaraza kirefu cha mawe, ndoo safi zimepinduliwa, na kopo moja lenye kifuniko. Ami alidhani ni mahali pa kufulia mazulia na mablanketi. Mimi niliona wazi kwamba wanakijiji wamewajengea wenye magari pahala pa kuoshea, na kwa mara ya kwanza nikawaona ni watu wa maana.

Alilisimamisha gari mlangoni pa chumba kile, na lilijaza njia yote, milango ikawa inafunguka nusu tu. Tukaanza. Yeye alichota na kumwaga juu ya paa, matope yakateremka vioo vyote, na gari lenyewe likawa linafuka kama sufuria. Mikono ilikuwa na raha ikiwa ndani ya ndoo na ikiteseka ikitoka. Alifungua boneti akaosha na injini, kwa sababu alijua wanaume wa huku hawalisifu gari mpaka waombe lifunguliwe. Mimi nilipewa magurudumu, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba vya kuingia katika matundu ya rimu. Sabuni ya chupa ikaisha kabla sijamaliza. Nikaleta lile kopo. Nilipolifungua niliijua harufu mara moja, maana Bibi alikuwa akiniosha nywele kwa mkunazi, na nilijua unatoa povu. Ami alicheka, akasema gari litaota nywele, akaukoroga wote ndani ya ndoo. Povu lilitoka zuri, la kijani kibichi.

Kukausha ndiko kulikokuwa na kazi. Maji ya falaji yana chokaa, na yakikauka yenyewe huacha madoa meupe kwenye rangi. Jua lilikuwa bado halijavuka mlima, na upepo ulianza kuleta mchanga mwembamba unaonata kila palipo na unyevu. Ami alikuwa na kipande cha ngozi laini ya kufutia, mimi nikawa na leso kuukuu ya Bibi. Yeye alianzia juu ya paa akateremka, akikamua ngozi kila baada ya mkupuo, na vidole vyake vikawa vyekundu. Tulifika kwenye milango. Hapo ndipo niliposikia nyayo za watu wengi wasiosema kitu.

Walikuja nyuma yetu, kwa njia ileile. Wanaume wanne walibeba jeneza, na nyuma yao wanawake wamejifunika nguo nyeusi. Mbele kulia alikuwa Mzee Nasir. Walisimama kwa sababu hawakuwa na pa kupita. Mama yake Mzee Nasir alikuwa amefariki baada ya sala ya alfajiri, na habari ilikuwa haijavuka wadi ikatufikia. Ami aliliangalia jeneza, akakiangalia kile chumba, kibaraza kirefu, ndoo, maji yanayopita. Nilimwona anaelewa. Rangi ilimtoka usoni, ngozi ya kufutia ikamponyoka mkononi.

Aliruka garini akawasha. Gari lilikohoa. Akawasha tena, likakohoa kwa kitambo kirefu zaidi, na kila mara sauti ilikuwa ikipungua. Maji yalikuwa yameingia kwenye waya za plagi. Alitoka akasukuma peke yake, lakini mbele ya chumba njia ilikuwa na kilima kidogo kabla ya kufika uwanja wa changarawe, na viatu vyake vilikuwa vinateleza katika povu letu wenyewe. Watu wengine wote wa kijiji walikuwa makaburini wakichimba, na wale watatu waliosaidiana na Mzee Nasir walikuwa wazee, mmoja wao ameanza kutetemeka goti. Jeneza haliwekwi chini njiani.

Ami alirudi mpaka mbele ya Mzee Nasir akamwambia kwa Kiarabu kwamba gari haliendi, na kwamba anaomba radhi. Mzee Nasir alimtazama. Kisha akamwambia neno moja tu, ashike, akauondoa mkono wa jeneza begani mwake na Ami akaingiza bega lake chini yake. Nami nikaambiwa niingie garini nishike usukani.

Sikuwa naona mbele. Nilipiga magoti kitini, pua yangu ikawa sawa na dashibodi, nikaona boneti jekundu na ukuta wa shamba. Mzee Nasir alienda nyuma ya gari, na wanawake wawili wakaja kusukuma kando yake. Kioo cha katikati kilikuwa kimepangwa kwa urefu wa Ami, na kwa vile nilivyopiga magoti nikawa nauona uso wa yule mzee peke yake. Macho mekundu, meno yameumana, halafu midomo ikaanza kucheza. Ilicheza bila kusita. Nilijua kwa yakini kabisa kwamba anatulaani, mmoja mmoja, kwa majina. Na nje, kutoka chini ya jeneza, nikawa naisikia sauti ya Ami, ya chini, ya taratibu, kwa Kiswahili: "Polepole. Vuta upande wa mlima. Bado. Upande wa ukuta sasa. Usikanyage kitu chochote."

Gari lilipanda, likafika kwenye changarawe, magurudumu yakazama kidogo likasimama lenyewe. Niliteremka. Walikuwa wameshamwingiza maiti na kumlaza juu ya kibaraza, na wanaume wametoka kuwaachia wanawake. Ami alikuwa akikomba povu mlangoni kwa viganja vyake. Mwanamke mmoja mtu mzima akatokeza na kopo mkononi, amelipindua, akauliza mkunazi wa kumwoshea maiti uko wapi. Ami aliyatazama magurudumu. Nikajibu mimi, kwa Kiarabu changu kizuri cha shule, kwamba tumeoshea magurudumu.

Hakunipiga. Alinitazama mimi, akalitazama gari, akaingia ndani. Ami alienda kwenye mkunazi uliokuwa ukingoni mwa wadi akachuma majani mabichi kwa mikono mitupu, miba ikimchana, akayaleta yamejaa kwenye kilemba chake. Aliyaweka mlangoni akarudi nyuma bila kuinua macho. Halafu alikwenda makaburini pamoja na wengine, na mimi nikarudi nyumbani kwa miguu, nakimbia, nalia.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Aliposhika kilichotokea alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alinieleza kwamba Unguja maiti huoshwa ndani, chumbani, juu ya kitanda, na maji huchimbiwa mfuo chini yake, na kwamba yeye amewaosha wengi kwa mkono wake na hajawahi hata kuwaza kwamba mtu anaweza kupelekwa nje kuoshwa. Ndiyo sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekijua kile chumba. Baba aliporudi kutoka maziko alisema jambo moja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: tutaomba mke kwa uso gani, sisi tusiojua wafu wanaoshwa wapi. Bibi akaniuliza uso wa Mzee Nasir ulikuwaje. Nikamwambia nilichokiona. Nikasema alikuwa akitulaani. Basi posa ikaishia hapo, bila mtu kutamka kwamba imekwisha.

Tulikwenda matangani kama inavyopasa, Baba na Ami upande wa wanaume, Bibi nami upande wa wanawake. Abla Zuwena alikaa karibu na mama yake, macho yamevimba, na hakunitazama. Wanawake walimpokea Bibi kwa adabu, kisha wakasogea. Siku ya pili Bibi akarudi nyumbani na maneno aliyoyanasa, akayatoa jikoni mbele ya Ami. Kule wanasema kijana wa Kizanjibari alikuwa akimsomea maiti kitu kwa lugha yao njia nzima. Mnajua wenzangu watu wa huku walivyotudhania na uchawi. "Wanatwambia tumemroga maiti," alisema Bibi. "Hai tumeshindwa nao, sasa tumehamia kwa wafu."

Ami hakucheka. Alikuwa akikunja nguo zake arudi Maskati kabla ya wakati. Gari lilikuwa uani, limekokotwa mpaka pale na jirani, limejaa madoa meupe ya chokaa kwa sababu hakuna aliyelimaliza kulikausha, na hakulisogelea. Niliogopa kwamba akiondoka hatarudi tena kwetu, na kwamba nitabaki peke yangu na Abla Zuwena ambaye hanitazami.

Matanga yalipomalizika, jioni ileile, mlango ukagongwa. Alikuwa Mzee Nasir, peke yake. Mfiwa hatembelei watu. Watu ndio humtembelea. Baba alimkaribisha kwa sauti iliyokauka, Bibi akavuta leso kichwani akakaa karibu na mlango wa ndani, nami nikajibanza ubavuni mwake. Kahawa ililetwa. Aliinywa, akakitikisa kikombe kwamba imetosha, na Baba akaanza kuomba radhi. Mzee alinyanyua mkono akamzuia.

"Nimekuja kwa neno moja," alisema, akimwelekea Ami. "Mama yangu alipokuwa begani kwako, ulikuwa unasema. Watu wangu wameniambia mengi, na mimi sipendi kuambiwa. Ulikuwa unasema nini?"

Nilijua, hata mimi mtoto, kwamba lilikuwepo jibu zuri. Angeweza kusema alikuwa akimwombea. Nani angejua? Baba alimtazama Ami kwa namna ambayo nadhani ilikuwa inamwomba aseme hivyo. Ami alikiweka kikombe chake chini.

"Nilikuwa namwelekeza mtoto usukani, ya ammi," alisema. "Wallahi sikusema jingine. Nilikuwa na mama yako begani na akili yangu iko kwenye gari. Nisamehe."

Hapo nikashindwa. Niliona yule mzee atanyanyuka aondoke, na ghadhabu zangu zote za mwaka mzima zikanipanda. Nilitoka nyuma ya Bibi nikamwambia kwamba ni kweli, alikuwa akinambia polepole, upande wa mlima, upande wa ukuta, nisikanyage kitu, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitulaani, nimemwona kwenye kioo, midomo yake haikusimama.

Bibi alinivuta gauni kwa nyuma. Mzee Nasir aligeuka akanitazama kwa muda mrefu, uso uleule, macho bado mekundu, na kwa karibu nikaona kwamba ni macho ya mtu ambaye hajalala.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikuwa namwombea mama yangu rehema. Nilikuwa nasukuma gari na namwombea. Pumzi ya kumlaani mtu ningeitoa wapi?"

Nilisikia Bibi akishusha pumzi, na Baba akashika birika la kahawa bila kumimina. Mzee Nasir alikaa anaangalia mikono ya Ami, mikwaruzo ya miba ilikuwa bado mibichi juu ya vidole. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia jambo la nyumbani kwake, kwamba kahawa ya Ijumaa ilikuwa imeshapikwa ikamwagwa, na kwamba Ijumaa inayokuja wataipika tena. Ngoma hakuna kwa sasa, alisema, nyumba ina msiba. Kahawa tu.

Aliinuka, akavaa viatu mlangoni, akageuka.

"Njooni kwa miguu," alisema. "Na dereva wenu mje naye."

Baba ndiye aliyesema inshallah.